Pachnoda au Mbawakawa wa Malengelenge? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mbawakawa Wanaokula Maua Bustanini

## Kuwatambua

Ni mdudu gani huyu wa rangi nyeusi na njano anayekula maua yangu?

Katika bustani za Afrika Mashariki, mbawakawa mkubwa wa nyeusi na njano anayekutwa juu ya ua mchana kweupe mara nyingi ni mmoja kati ya wawili. Wa kwanza ni Pachnoda, hasa *Pachnoda sinuata* na jamaa zake wa karibu. Wa pili ni mbawakawa wa malengelenge wa jenasi ya *Hycleus*, kwa mfano *Hycleus apicicornis*, ambaye wakulima wa magharibi mwa Kenya wanamfahamu kwa kula maua ya desmodi, mmea wa malisho wa jamii ya kunde.

Rangi zao zinakaribiana na wote hupenda maua, kwa hiyo watu huwachanganya kila msimu. Kosa hilo lina gharama. Pachnoda unaweza kumweka kiganjani akatembea bila kukudhuru. Mwenzake akipondeka kwenye ngozi, kesho yake una lengelenge. Kabla hujachukua ndoo au bomba la dawa, jua kwanza ni yupi.

Nitawatofautishaje bila kuwagusa?

Anza na shingo. Mbawakawa wa malengelenge ana shingo nyembamba inayoonekana wazi: kichwa kimeinama kuelekea chini, kisha panabana, kisha kinafuata kifua ambacho ni chembamba kuliko mabawa. Pachnoda hana shingo ya kuonekana. Kichwa chake kidogo cha pembenne kimezama kwenye kifua kipana, na mwili wote ni kama ngao iliyobapa mgongoni, yenye urefu wa kama sentimita 2 hadi 2.5.

Tazama mabawa. Ya juu ya Pachnoda ni gamba gumu linalong'aa na kukaa bapa, na katikati ya mgongo yanakutana kwa mstari ulionyooka. Ya mbawakawa wa malengelenge ni laini kama ngozi nyembamba, yameinama pande mbili kama paa la nyumba, na kwenye ncha huachana kidogo. Mwili wake ni mrefu wa mviringo na miguu yake ni mirefu na myembamba.

Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, piga picha ya vipapasio uikuze. Vya Pachnoda ni vifupi na mwishoni vina vijikaratasi vitatu anavyovifungua kama kipepeo cha mkononi. Vya *Hycleus* ni vya pingili zilizopangana kama shanga, zikinenepa kuelekea nchani.

Rangi isiwe kigezo chako cha kwanza. *Hycleus* wengine wana mikanda ya njano, wengine ya chungwa au nyekundu, wengine madoa tu. Pachnoda naye ana jamaa wa rangi tofauti. Umbo halidanganyi.

Nimemwona akiruka tu. Naweza kumjua?

Ndiyo, na hii ni njia nzuri sana. Pachnoda huruka akiwa amefunga mabawa ya juu: kila gamba lina pengo dogo ubavuni, na bawa la kurukia hutokea hapo. Huruka kwa kasi, kwa mlio mzito kama wa nyuki mkubwa, na mara nyingi hujigonga kwenye ukuta au dirisha. Mbawakawa wa malengelenge hufungua mabawa yote, huruka taratibu huku miguu ikining'inia, na hutua kwa uzito juu ya ua lililo karibu.

Huyu wa malengelenge ndiye Nairobi fly?

Hapana. Yule anayeitwa Nairobi fly (*Paederus*) ni mdogo, chini ya sentimita moja, mwembamba, wa chungwa na nyeusi, mwenye mabawa mafupi yanayoacha sehemu kubwa ya tumbo wazi. Hafuati maua. Hufuata taa usiku, na sumu yake ni nyingine. Huduma ya kwanza ya ngozi, hata hivyo, inafanana: acha kusugua, osha kwa sabuni.

## Wanakotoka na wanavyoishi

Mbona wanatokea ghafla mvua zikianza?

Kwa sababu walikuwa ardhini muda wote, kila mmoja mahali pake.

Pachnoda hutaga mayai kwenye mboji, samadi iliyokaa au majani yanayooza. Funza wake hula vitu vilivyooza, hukua kwa hatua tatu, kisha hujijengea kifuko kigumu cha udongo na kinyesi chake, chenye umbo la yai dogo. Anageukia humo kuwa mbawakawa, na unyevu unapolainisha udongo hupasua na kutoka.

Maisha ya mbawakawa wa malengelenge ni ya ajabu zaidi. Jike hutaga fungu la mayai udongoni. Mtoto anayetoka si funza mvivu: ana miguu mirefu na mbio, na kazi yake ni kutafuta mayai ya panzi. Panzi hutaga kwa mafungu ardhini, yakiwa yamefungwa kwa povu lililokauka. Mtoto huyo akilipata fungu, huingia ndani na kubadilika kuwa funza mnene asiyehangaika, na kulila. Baadaye hupitia hatua ya kulala ambayo inaweza kuchukua kipindi chote cha kiangazi. Kwa hiyo mwaka wa mbawakawa wengi wa malengelenge mara nyingi hufuata msimu ambao panzi walikuwa wengi.

Nimefukua mboji nikakuta funza weupe waliojikunja. Ni wa nani?

Si wa mbawakawa wa malengelenge, maana wa kwake hawaishi kwenye mboji. Wanaweza kuwa wa Pachnoda, wa mbawakawa wanaokula mizizi, au ukiwa pwani, wa mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi.

Fanya jaribio hili. Chukua ubao mkavu au sinia, mweke funza juu yake, usubiri dakika moja bila kumgusa. Funza wa Pachnoda atajigeuza chali na kuanza kusafiri kwa mgongo, miguu ikiwa hewani, mwili ukipiga mawimbi. Anaenda mbio kuliko unavyotarajia. Funza wa wala mizizi na wa mbawakawa mwenye pembe hawatembei hivyo: watabaki wamejikunja kwa ubavu, au watajikokota kwa miguu.

Ukubwa nao unasaidia. Funza mnene kupita kidole gumba, mwenye kichwa kikubwa cha kahawia iliyokolea, kwenye lundo la samadi au gogo la mnazi linalooza, ni wa mwenye pembe. Huyo muue, na lundo ulipindue lote.

Funza wa Pachnoda ataharibu miche nikiiweka kwenye mboji hiyo?

Kwenye bustani hapana, chakula chake ni vilivyooza. Tatizo hutokea kwenye chungu au mfuko wa mche: funza watano kwenye mfuko wa lita mbili, mboji ikiwaisha, watafukua na kuguguna vijizizi, na mche utalegea. Chekecha mboji kwa wavu wa matundu ya sentimita moja kabla ya kujaza mifuko, na wale watakaobaki juu warudishe kwenye lundo. Kinyesi chao, vile vipunje vyeusi kama vya panya mdogo, ni mboji safi. Usikitupe.

## Hasara wanayoleta

Kila mmoja anapenda mimea gani?

Mbawakawa wa malengelenge hupenda maua ya jamii ya kunde na ya bamia: kunde, maharagwe, choroko, mbaazi, karanga, bamia, haibiskasi, pamba, na pia viazi vitamu na maboga. Anakula ua lenyewe: petali, chavua, hata ovari iliyo katikati. Ua hilo halitoi ganda tena.

Pachnoda hupenda waridi, alizeti, maua ya miembe na michungwa, na matunda laini yaliyoiva. Kwenye waridi huchimba katikati ya tumba linaloanza kufunguka na kulala humo. Petali zinabaki na kingo zilizochanika na madoa ya kahawia. Kwa muuza maua hiyo ni hasara kamili. Kwa mwenye waridi mbili mlangoni ni kero tu.

Nitajuaje kama hasara inastahili kuhangaikiwa?

Hesabu maua, usihesabu wadudu. Mbawakawa kumi kwenye shamba la mbaazi linalochanua kwa wiki nyingi hawana uzito mkubwa, kwa sababu mbaazi yenyewe hudondosha maua mengi na kutoa mengine. Kumi haohao kwenye mistari miwili ya bamia ni janga: ua la bamia hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, halina nafasi ya pili. Kunde nayo hufungua ua alfajiri na kulifunga kabla ya adhuhuri.

Chagua mimea 20 sehemu mbalimbali za shamba, si pembezoni tu. Saa mbili asubuhi hesabu maua yaliyofunguka na uandike mangapi yametafunwa. Rudia siku tatu. Idadi ya yaliyotafunwa ikipanda kila siku, anza kuokota. Ikisimama au kushuka, endelea kutazama. Anayepita mara moja tu hukutana na kundi lililotua asubuhi hiyo na kukimbilia dukani, kumbe kesho yake lingekuwa limehama.

Embe na pera vimetobolewa. Ni Pachnoda?

Mara nyingi ni mgeni wa pili. Mdomo wake umeumbwa kulamba na kukwangua vitu laini, si kupasua ganda gumu. Ndege, popo au nzi wa matunda hufungua mlango, na Pachnoda hupanua shimo. Matunda yenye ngozi nyembamba yaliyoiva sana, kama tini na zabibu, anaweza kuyaanza mwenyewe. Vuna mapema kidogo, okota yaliyoanguka kila siku, na utaona wanapungua.

## Kuwadhibiti

Njia ya kwanza ni ipi?

Kuokota kwa mkono, kwa wote wawili. Kwa bustani ya nyumbani hakuna njia inayoishinda.

Tia lita 2 za maji kwenye ndoo ya lita 5, ongeza kijiko kikubwa cha sabuni ya maji au ya unga, koroga. Sabuni ndiyo inayoua: bila hiyo mdudu huelea na kuruka tena, ikiwepo, maji hupenya kwenye vitundu vya kupumulia ubavuni akazama. Nenda kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi, mwili wake ukiwa bado baridi. Weka ndoo chini ya ua kwanza, ndipo ugonge tawi. Ukigonga kabla, mbawakawa wa malengelenge atajiangusha na kujifanya mfu kwenye nyasi, na hutampata.

Kwa mbawakawa wa malengelenge vaa glovu za mpira na mikono mirefu, hata kama ni watatu tu. Glovu za kitambaa hazifai kwa kuwa majimaji yake hupenya. Kwa Pachnoda mikono mitupu inatosha. Miguu yake ina miiba midogo inayokwaruza na anaweza kukumwagia majimaji yenye harufu mbaya, lakini hayo yanatoka kwa maji na sabuni.

Waliokufa wa malengelenge wafukie kwenye shimo la kina cha sentimita 30, mbali na kuku na malisho. Usiwatie kwenye mboji.

Mtego wa matunda unafanya kazi?

Kwa Pachnoda ndiyo, kwa mwenzake hapana, kwa sababu yeye hafuati matunda yaliyochachuka.

Kata chupa ya soda ya lita 2 kwenye theluthi ya juu, toa kifuniko, geuza kipande hicho kiwe kama faneli ndani ya chupa. Ndani weka ndizi moja iliyoiva sana pamoja na ganda lake, vijiko viwili vya sukari na maji kikombe kimoja, halafu acha ichachuke siku mbili. Ongeza kijiko cha siki kupunguza nyuki kuingia. Tundika kivulini, kimo cha mita 1 hadi 1.5, na badilisha kila siku ya nne kabla chambo hakijaoza kabisa.

Kosa linalorudiwa ni kuutundika katikati ya waridi. Harufu huita mbawakawa kutoka mbali, na wengi hutua kwenye maua yaliyo jirani kabla ya kuuona mtego. Uweke angalau mita 10 kutoka kwenye unachokilinda.

Naweza kufunika mimea kwa chandarua?

Unaweza, ila fahamu mmea wako. Bamia, kunde na maharagwe hujichavusha vyenyewe, kwa hiyo chandarua hakizuii mavuno. Maboga, matango na matikiti yanahitaji nyuki. Ukiyafunika wakati wa maua utapata majani matupu. Tumia chandarua kisicho na dawa, kiinue kwa fito kisilale juu ya maua, na fukia kingo zake kwa udongo. Waridi la thamani unaweza kulifunga tumba mojamoja kwa mfuko mdogo wa neti.

Mwarobaini je?

Husaidia kuwakatisha hamu ya kula, hauwaui papo hapo. Twanga gramu 500 za kokwa kavu za mwarobaini zilizomenywa, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha sabuni ya maji. Nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, kwa kuwa jua hudhoofisha dawa hii ndani ya siku chache. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, na baada ya mvua kubwa.

Anayelalamika kwamba mwarobaini haufai mara nyingi ametumia majani machache badala ya kokwa, au amenyunyiza saa sita mchana.

Kwa nini msiseme tu dawa ya dukani?

Kwa sababu mdudu huyu anakaa ndani ya ua, na ndani ya ua ndimo nyuki anamofanya kazi. Dawa za kuua kwa kugusa humwangusha mbawakawa aliyepo leo, lakini wengine huruka kutoka porini kesho, na wewe umeshaua wachavushaji wa maboga yako. Kuna pia suala la muda wa kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna. Bamia huvunwa kila siku mbili na majani ya kunde huchumwa kila wiki, na muda ulioandikwa kwenye lebo unaweza kuzidi nafasi hiyo. Ukiuvunja, sumu unaila mwenyewe.

Ikiwa ni shamba kubwa na hasara imethibitishwa kwa hesabu iliyoelezwa hapo juu, muone afisa ugani, tumia dawa iliyosajiliwa kwa zao lako, nyunyiza jioni, na fuata lebo neno kwa neno.

## Sumu ya mbawakawa wa malengelenge

Amepondeka kwenye mkono wangu. Nifanyeje?

Osha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, bila kusugua kwa nguvu. Badilisha nguo iliyolowa majimaji. Usijishike machoni wala sehemu za siri kabla ya kunawa.

Sumu yake inaitwa kantharidini, na hutoka kama tone la njano lenye mafuta kwenye magoti yake anapobanwa. Mwanzoni hutahisi kitu. Lengelenge hutokea baada ya saa kadhaa, wakati mwingine siku ya pili. Usilipasue: lifunike kwa bandeji safi isiyobana na uweke kitambaa baridi. Kwa kawaida hupona bila kovu lisipoingia uchafu. Likiwa kubwa, likiwa usoni, au likianza usaha, nenda kituo cha afya.

Imeingia jichoni, au mtoto amemweka mdomoni?

Jicho lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto au mtu mzima akimmeza, hiyo ni dharura. Usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na mchukue mdudu ndani ya chupa ili daktari amwone. Kantharidini huunguza mdomo, koo na tumbo, na huharibu figo. Mkojo wenye damu ni dalili mbaya. Haina dawa ya kuipoza, madaktari huitibu kwa kuusaidia mwili, kwa hiyo kila saa ina thamani.

Mdudu aliyekufa na kukauka bado ana sumu. Watoto wanaokusanya wadudu wenye rangi waelezwe hilo.

Nimeambiwa akisagwa ni dawa ya nguvu za kiume.

Usithubutu. Sifa hiyo ni ya kale na inatokana na sumu kuwasha njia ya mkojo. Watu wamekufa kwa ajili yake. Hakuna kipimo cha nyumbani kilicho salama.

Mifugo je?

Farasi hufa kwa kula majani makavu yaliyochanganyika na mbawakawa hawa, na punda ni wa jamii hiyohiyo. Ukikata desmodi, lusini au majani ya kunde kwa ajili ya punda, kata kabla ya kuchanua, au kung'uta vizuri na kagua kila fungu. Ng'ombe na mbuzi hustahimili zaidi, lakini hiyo si ruhusa ya kuwalisha. Kuku usiwamwagie wadudu uliookota.

## Mambo ya pembeni

Je, niwaache tu?

Pachnoda, kama huuzi waridi wala matunda, ndiyo. Hubeba chavua mwilini akihama ua hadi ua, na funza wake anakusagia mboji bure.

Mbawakawa wa malengelenge ni hesabu ngumu zaidi, kwa sababu mtoto wake anakula mayai ya panzi wale wale watakaotafuna mahindi yako. Ushauri wetu: mwondoe kwenye bamia, kunde na maharagwe yaliyochanua, na kote wanakopita watoto. Aliyeko kwenye magugu ya kando ya shamba mwache.

Nina shamba la sukuma-vuta, yaani mahindi yaliyopandwa pamoja na desmodi ya kufukuza wadudu, na desmodi yangu imejaa mbawakawa wa malengelenge. Mahindi yamo hatarini?

Mahindi hayamo. Desmodi inaendelea na kazi yake ya kufukuza viwavi wa mabua na kudhibiti gugu la kiduha hata ikipoteza maua, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na harufu ya mmea na mizizi yake. Kinachopotea ni mbegu. Kama unauza au kuhifadhi mbegu ya desmodi, tenga kipande kidogo cha mbegu na ukiokote kila asubuhi, badala ya kuhangaika na shamba zima.

Naweza kuwalisha kuku funza wa Pachnoda?

Ndiyo, kuku huwapenda sana. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe jijini Nairobi imewachunguza *Pachnoda sinuata* kama chakula na lishe. Kwa nyumbani, toa wale waliozidi unapopindua mboji na ubakize baadhi waendelee kusaga. Kwanza fanya jaribio la ubao, na usilishe funza kutoka kwenye lundo lililomwagiwa dawa yoyote.

Nimewakuta wote wawili kwenye ua moja. Nianze na yupi?

Vaa glovu, na anza na mwenye shingo.